Njia ya Magogo

Jumatatu, 3 Juni

Hakuna aliyekuja leo. Hata mbuzi wa Mama Pacha hawakupita, na wao huwa hawana adabu ya kungoja kualikwa.

Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki — linakaa pale kama mgeni aliyepewa kiti. Daktari alisema moyo umechoka kusukuma. Moyo gani usingechoka, miaka themanini na ushee kazini bila likizo.

Nimeshinda dirishani na darubini. Nyumba hii ilijengwa iwe kituo cha utafiti, na bado inafanana na kituo kuliko nyumba: chumba changu, chumba cha mwanangu (kitanda kipo, godoro limekunjwa), na sebule iliyojaa makabati ya mimea niliyoikausha mwenyewe. Inanuka dawa ya nondo. Niliizoea harufu hiyo tangu ujanani, hata nikaacha kuisikia. Siku hizi naisikia tena.

Nje ni uwanja mdogo, kisha msitu. Zamani niliingia humo kila kulipokucha. Sasa naona ukingo wake tu, na ule mkuyu mkubwa ulioinuka juu ya wenzake kule kwenye chemchemi. Umezaa. Ndege hondohondo wanaingia na kutoka kama watu kwenye duka lililoshusha bei.

Asubuhi mtangazaji wa redio alisema hamjambo. Nikajibu sijambo. Nikajiona mjinga. Baadaye akasema tena, nikajibu tena.

Jumanne, 4 Juni

Muuguzi amekuja. Pikipiki yake imejaa tope hadi kwenye taa. Amenipima, ameniachia vidonge vilevile. Nilimwuliza nimebakiza muda gani, na asinipambie, nimesoma vya kutosha. Akafunga mkoba wake taratibu. Akasema mwezi huu hauhofii sana. Mwezi ujao hawezi kuusemea. Nile ninachokitaka, nizungumze na ninaowataka.

La kwanza rahisi.

Akiwa mlangoni akasema wapimaji wa barabara wamepiga mahema kwenye uwanja wa shule ya zamani. Safari hii si maneno ya kampeni, wana vyombo na magari. Amefurahi, hakuficha. Akakunja suruali akanionyesha goti lililochubuka — alianguka akija kwangu. Nilimpa pole. 

Alhamisi, 6 Juni

Mpimaji mkuu amekuja kujitambulisha. Mwanamume wa makamo hivi, kofia mkononi, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Shikamoo. Marahaba. Ananiita Profesa. Nilimwambia sijawahi kuwa profesa. Akasema kwake mimi ni profesa tu, maana chuoni walisomeshwa kitu nilichoandika juu ya msitu huu. Nikamwuliza kama alikielewa. Akasema hapana, lakini alifaulu. Nilicheka mpaka pumzi ikakatika. Maskini, akakimbilia jikoni kutafuta maji.

Amenieleza mambo yake vizuri. Barabara itatoka kwenye lami, itavuka msitu, itafika vijiji vya nyuma. Vijiji hivyo vimeiomba tangu wazee wao ni vijana. Msitu uko chini ya kamati ya vijiji, na kamati imepasuka katikati: nusu wanataka barabara, nusu wanaogopea maji, kwa sababu kila kijito kinachoshuka kwao kinatoka humu. Walibishana hadi wakachoka, wakakubaliana jambo moja. Watamfuata Bibi. Yaani mimi. Nikisema ipite, itapita. Nikisema isipite hapo, nionyeshe pa kupita.

Wapimaji wanafunga kazi Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Siku hiyo kamati itakutana hapa barazani kwangu, kwa kuwa mimi siwezi kwenda kwao. Nisipokuwa na neno, mchoro uliopo ndio utakaokwenda wizarani.

Nikamwomba anionyeshe huo mchoro uliopo.

Akautandaza mezani. Mstari mwekundu umenyooka, umeingia msituni, umekata pale pale kwenye chemchemi. Niliutambua kabla hajamaliza kuukunjua. Ni njia yangu! Njia nyembamba niliyoikata nilipoanza kazi, niwe napita humo kila mwezi nikihesabu miti, na ambayo miaka yote niliifyeka isizibe. Sisi watu wa mimea ndivyo tunavyofanya: unachora mstari mnyoofu, hukwepi kitu, unahesabu kila unachokikuta. Na niliupitisha makusudi palipo na miti mikubwa na maji. Ndipo palipokuwa na cha kuhesabu.

"Umenyooka kama rula, Profesa," akasema. "Tumeokoa wiki nzima. Hatukufyeka hata kichaka kimoja."

Akanishukuru. Kwa moyo safi kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Mama Pacha amekuja kuniogesha. Mjane mwenzangu, ila yeye bado ana nguvu. Shamba lake limepakana na msitu upande wa chini, na wanawe pacha wako mjini wanauza simu. Ndiye peke yake anayeingia hapa bila kubisha hodi. Ananisugua mgongo kama anasugua sufuria iliyoungua.

"Bibi, wanasema barabara imo mkononi mwako."

"Wanasema."

"Basi ufungue huo mkono. Nyanya zangu zinaozea kwenye tenga zikingoja pikipiki."

"Na maji yakikauka utazimwagilia nini?"

"Machozi yako. Utalia ya kutosha, nakujua."

Tulicheka. Kisha akaacha mzaha. Akanikumbusha mkwewe, mwaka jana, alivyobebwa juu ya kitanda kupita msituni, wanaume wakipokezana, uchungu umemshika. Mama alifika hospitali. Mtoto hakufika. Habari hiyo naijua, nilikwenda kuwapa pole kwa miguu yangu, nilipokuwa bado nina miguu. Lakini hajawahi kunisimulia namna ile, amenishika bega, mimi ni mtupu, maji yananichuruzika.

"Mimi sichukii miti yako," akasema. "Ila haijawahi kunibebea mtu."

Alipokwisha kwenda nikaikumbuka njia ya magogo.

Kabla sijaletwa hapa kulikuwa na kampuni ya mbao. Ilivuna, ikachoka, ikaondoka. Walikuwa na njia yao ya kuvutia magogo kwa trekta, ikizunguka bega la kilima upande wa chini, mbali na chemchemi. Nilionyeshwa na mmoja wa wapasua mbao wao, mwaka wangu wa kwanza, amekufa zamani. Haimo kwenye ramani yoyote. Msitu umeimeza. Lakini ni msitu mchanga, miti yake myembamba, na chini yake udongo ulikwisha kushindiliwa na yale matrekta. Barabara ikipita pale haitagusa maji. Itakuwa ndefu zaidi, itataka daraja, itakula pesa. Lakini itapita, na mkuyu utabaki.

Na itatokea katikati ya shamba la chini la Mama Pacha. Shamba lake lililobaki lote ni mteremko, mbegu zinashuka na mvua. Lile la chini tu ndilo tambarare. Alilifyeka na mumewe, Mungu amrehemu.

Basi nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza hata kabla maji ya kuoga hayajapoa. Kwa ajili yake. Nimejiambia hivyo.

Jumanne, 11 Juni

Nyumba ilijaa! Vikombe havikutosha. Mmoja alinywea kwenye kopo la vipimo, nikamhakikishia limeoshwa.

Alikuwapo Muuguzi, Mpimaji na wenzake, na Mwenyekiti wa kamati. Mama Pacha alisimamia chai. Mwenyekiti amezoea kuhutubia bila kipaza sauti. Akisema "ndugu zangu", vioo vya makabati vinatetemeka. Alisema wageni wanakuja na kamera zao, wanampiga picha mbega, wanasema msitu huu unaisaidia dunia kupumua.

"Sawa. Dunia ipumue," akasema. "Sisi zamu yetu lini?"

Mama Pacha akamwambia kwa sauti ile yeye anapumua kwa niaba ya kijiji kizima, hana haki ya kulalamika. Hata yeye alicheka. Lakini si mjinga. Akainamisha kichwa, akasema babake ndiye aliyechimba mfereji wa maji unaotoka humu, na yeye anaogopa kuwa mwenyekiti ambaye mfereji huo ulimkaukia. Kwa hiyo anataka vyote viwili. Akanitazama kama mtoto anayejua duka limefungwa lakini anaomba tu.

Wote wakageuka. Nikasema: nipeni muda.

Bila shaka, Bibi. Bila shaka. Wakaongeza chai. Walikaa mpaka kivuli cha nyumba kikavuka uwanja. Mpimaji aliniuliza majina ya miti inayoonekana dirishani, mmoja baada ya mwingine, akayaandika kiganjani. Sikumbuki ni lini mtu aliniuliza jina la mti.

Walipoondoka, ukimya ulikuwa na sauti. Nilikaa na vikombe vichafu. Sikutaka Mama Pacha aviondoe.

Alhamisi, 13 Juni

Mwenyekiti amepita asubuhi, "kusalimia tu". Mpimaji amepita jioni. Wote nimewaambia bado nafikiri. Leo nilivaa lile gauni la bluu.

Ijumaa, 14 Juni

Mwanangu amefika. Mwenyekiti alimpigia simu aje anishauri. Pikipiki ilikwama, akatembea safari iliyobaki, viatu vya ofisini ameving'ang'ania mkononi. Akasimama mlangoni, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, Mama. Barabara yenu nzuri."

Ana kazi ya bima mjini. Tangu aondoke hapa akiwa msichana, huja mara moja kwa mwaka, mwaka mwingine hata hiyo inaruka. Simlaumu. Safari ya kuja hapa inamla mtu likizo yake yote. Ameleta dawa, shuka mpya, mapapai, na uso wa mtu aliyejiandaa kugombana.

Alitandika kitanda chake cha zamani. Miguu inatokeza nje. Akasema kitanda kimenywea.

Jumapili, 16 Juni

Tumegombana, lakini kidogo, kama watu wanaoonja chumvi.

Alisema, "Mama, baba alifia chumba hiki hiki akingoja gari. Mimi nilikuwa uwanjani nasikiliza. Mpaka leo nikisikia injini kwa mbali nasimama." Alisema bila hasira, anamenya papai. Nilimwambia hata mimi nilikuwa nasikiliza. Akasema anajua. Akaendelea kumenya hata palipokwisha kumenywa.

Kisha akauliza, "Ndugu zangu wanaendeleaje?"

Ndugu zake ni miti. Ndivyo alivyoiita tangu utotoni, kwa kunichokoza: mama ana watoto msitu mzima, yeye ndiye kitinda mimba. Nikamwambia mkuyu umezaa. Akatazama dirishani.

"Huyo ndiye uliyempenda kuliko sisi sote."

Nilitaka kubisha. Nikachelewa, yeye akawa amekwisha kucheka na kubeba sahani.

Nimemwuliza atakaa mpaka lini. Ana ruhusa mpaka Ijumaa, siku ya kamati. "Ila ukitoa neno kesho, Mama, keshokutwa nitaondoka. Ofisini wananililia."

Amekwenda kujilaza. Kila anapogeuka, kile kitanda kinalia upande wa pili wa ukuta. Nimezima redio ili nisikie.

Jumatatu, 17 Juni

Nimesoma niliyoandika Jumapili ile. "Kwa ajili yake." Mwandiko mzuri sana, umetulia. Uongo mtupu.

Humu hakuna mtu wa kumdanganya, na muda wa kujidanganya mwenyewe umekwisha. Niandike basi, kabla mkono haujakataa.

Sikunyamaza kwa ajili ya Mama Pacha. Nilimtanguliza yeye kama mtu anavyotanguliza mgonjwa kwenye foleni ili naye apite. Ukweli ni huu: nikisema njia ya magogo ipo, Mpimaji ataruka kitini, atakwenda kuipima, na chai yangu hatainywa tena. Mwenyekiti atapata la kuhutubia, ataacha kupita kusalimia. Mwanangu atafunga mkoba. Na Mama Pacha atajua ni nani aliyeelekeza trekta shambani mwake, na atatafuta mgongo mwingine wa kusugua. Nitabaki na mtangazaji wa redio. Hamjambo. Sijambo.

Jibu ninalo tangu mwanzo. Nimelikalia kama kuku.

Kila wakija nasema nafikiri, na wanaamini. Wanashusha sauti. Wanadhani napima maji ya wajukuu wao na wagonjwa wanaobebwa juu ya kitanda, nabeba hiki mkono huu na kile mkono ule, kwa busara. Mimi nahesabu vikombe. Nikinyamaza leo, kesho watakuja tena. Hicho ndicho ninachopima.

Na gharama yake naijua. Nikinyamaza hadi Ijumaa, mchoro utakwenda kama ulivyo. Chemchemi zitakatwa. Nimeandika kurasa nyingi maishani kueleza nini huwa chemchemi ikikatwa; naweza kuzisoma bila miwani.

Laiti ningeweza kusema kwamba mwishoni mapenzi ya msitu yatashinda. Sijui. Jana mwanangu alinikata kucha za miguu. Alipiga magoti sakafuni, mguu wangu uliovimba ameulaza pajani mwake, na nikaona kisogo chake, mvi za kwanza zimeanza. Nikawaza: na uanguke huo mkuyu. Kwa maneno hayo hayo. Kisha nikageuka dirishani kana kwamba umenisikia.

Kuna jingine. Nilidhani nitakufa nalo. Kila barabara ilipotajwa, niliipinga. Nilipanda magari, nilikaa mbele ya mawaziri, niliongea vizuri, tulishinda. Ilikuwa haki kuipinga, hata leo nasema hivyo, maana kila mara waliitaka pale pale kwenye maji. Lakini kila niliposhinda nilirudi katika nyumba ambayo mwanangu hawezi kufika asubuhi akaondoka jioni. Nilikuwa nafunga mlango wa msitu na wangu pamoja. Sasa moyo unaitaka barabara. Si kwa nyanya wala kwa wajawazito. Kwa huyu mmoja aliyelala upande wa pili wa ukuta. Naitaka hata ipite juu ya kitanda changu.

Basi. Nimeandika. Nilidhani nitajisikia mwepesi.

Jumatano, 19 Juni

Muuguzi hakufika jana. Tope. Pumzi ni fupi, naandika nikiwa nimeegemezwa na mito yote ya nyumba.

Asubuhi, kwa darubini, nilimwona mmoja wa wapimaji akifunga utepe wa rangi ya chungwa kwenye mti wa ukingoni, kisha mwingine, akawa anaingia ndani kwa kufuata njia yangu. Baadaye nikaona kitu cha rangi hiyo hiyo kule juu, kwenye shina la mkuyu. Sijui alipandaje hadi pakaonekana kutoka hapa. Labda alitaka paonekane. Hondohondo waliruka wote kwa mpigo, wakakaa hewani, wakarudi.

Mpimaji alipokuja jioni nilimjaribu. Je, kama kungekuwa na njia nyingine? Akatua kikombe. Akasema wamezunguka kilima chote. Upande wa juu ni mwamba. Upande wa chini ni kichaka kizito, hawakuona pa kuingilia, na siku zimekwisha.

"Angekuwapo mtu wa kutuonyesha pa kuingilia tu," akasema, "ningefyeka mwenyewe kwa meno."

Akanitazama. Si mtu mbaya. Nadhani hata yeye hakupenda ule utepe.

"Unajua njia, Profesa?"

Mwanangu akaingia na sahani ya mapapai. Akaketi mkono wa kiti changu, akanilazia mkono begani, hivi hivi, bila kufikiri. Uzito wake. Nikasema: keshokutwa, mbele ya kamati.

Kichaka kizito ni kweli. Lakini pa kuingilia papo, nyuma ya jiwe lenye umbo la tandiko. Ningeweza kusema neno moja. Nilikula papai.

Alhamisi, 20 Juni

Mwanangu amefunga mkoba. Ameuweka karibu na mlango, amefunika koti juu yake kama anayeuficha.

Ameniomba tena niende kukaa naye mjini. Ghorofa ya tatu, na lifti imekufa tangu mwaka juzi. Nikamwuliza nitapandaje. "Tutakupandisha kama sofa, Mama, kwa kamba, kupitia dirishani. Majirani watapiga makofi." Tulicheka sana, na nikasema hapana, siwezi, nitakufa ngazi ya pili. Hakusisitiza. Ningekataa tena. Lakini ningependa asisitize.

Ijumaa, 21 Juni

Wamekuja wote. Nasikia baraza inalia kwa uzito. Wengine wamekaa ukutani, wengine uwanjani, vijiji vyote vya nyuma vimeleta watu. Mpimaji ana mchoro wake umekunjwa kwenye bomba la plastiki, amelishika kati ya magoti. Gari la wapimaji limeshapakiwa, liko tayari.

Wamezungumza asubuhi nzima. Mzee mmoja alisimama akauliza maji yakiondoka nani atayafuata kuyarudisha. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akamjibu kwamba yeye hayasubiri maji, anasubiri gari, na mzee huyo hajawahi kuzaa. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, akakaa. Muuguzi alizungumza. Alitaja watu aliowakosa njiani, si kwa majina, kwa vijiji vyao, na kila alipotaja kijiji watu wa hapo walitazama chini. Wote wana haki. Nimeketi katikati yao na haki zao zote zimenizunguka, na shuka mpya magotini.

Mwenyekiti akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Haya, Bibi. Tumefika kwako."

Nikafungua mdomo. Nikamwona mwanangu kwenye nguzo, anatazama saa, akajiwahi, akaficha mkono. Nikamwona Mama Pacha mstari wa mbele, kanga mabegani, ananikonyeza: fungua huo mkono. Nikasema, naombeni niingie ndani kidogo, nichane nywele. Kikohozi kikanishika hapo hapo, ikaonekana ni kweli nahitaji. Wakasema bila shaka, Bibi. Bila shaka. Mwenyekiti akasema tutangoja hata mpaka jioni.

Hata mpaka jioni! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mama Pacha ndiye aliyenishika mkono kunileta chumbani. Mwanangu alitaka kuja, nikamwambia akawape watu chai. Sasa nimekaa ukingoni mwa kitanda na Mama Pacha yuko nyuma yangu ananichana. Ana mkono mzito mgongoni na mwepesi kichwani, sijui hugeuka wapi. Ananiuliza naandika nini muda wote huu, watu wananingoja. Nimemwambia najipanga.

"Jipange upesi. Huyo Mwenyekiti akikosa kazi atahutubia vikombe."

Huko nje mwanangu anacheka na mtu. Mpimaji, nadhani. Sauti yake inafanana na ya babake akicheka.

Nikisubiri kidogo tena jioni itafika yenyewe. Sitahitaji kufanya lolote. Wataona Bibi amechoka, watanifunika, gari litaondoka na lile bomba.

Nimemwuliza, bila kugeuka, mahindi ya shamba la chini yamefikia wapi.

"Yamenipita kichwa," amesema. "Mwaka huu hata pacha wanakuja kuvuna, wameapa. Utakula ya kuchoma mpaka ukatae."

Amenifunga nywele. Ananipulizia shingoni kuondoa zilizokatika.

Nimemwambia aweke kitana chini, azunguke, akae hapa mbele yangu.

Amevuta kigoda. Amekaa. Bado anatabasamu, anangoja niweke kalamu —